Yai kwenye ringi: tairi lisilo na balansi linakula nini hasa?

Masika iliyopita nilirudi kutoka kijijini na gari linalotetemeka. Barabara ilikuwa tope la mfinyanzi mwanzo mwisho, na nilipoigusa lami nikashukuru Mungu, nikakanyaga mafuta. Mpaka 70 gari lilikuwa shwari. Lilipofika 85 usukani ukaanza kucheza mikononi mwangu kama mtu mwenye homa ya baridi. Nikapandisha mpaka 110, ukatulia. Nikashuka hadi 90, ukarudi vilevile.

Mjini nikapitia kwa mtu wa matairi. Akayafungua, akayapandisha kwenye mashine ya balansi, akapigilia vyuma vyake vidogo vya kusawazisha uzito, nikalipa, nikaondoka nimeridhika. Siku nne tu. Ugonjwa ukarudi mkali kuliko mwanzo. Fundi wa pili nilipomweleza hakuigusa mashine kwanza. Alichuchumaa, akaingiza bisibisi upande wa ndani wa ringi, akabandua kigae cha tope kikavu chenye ukubwa wa kiganja. Kando yake palikuwa na alama ya kigae kingine kilichokwisha kudondoka.

"Bosi," akaniambia, "hawa walikubalansia tope."

Alisema kweli. Fundi wa kwanza alisawazisha tairi pamoja na tope lake, na tope lilipobanduka njiani, vile vyuma alivyopigilia vikageuka kuwa uzito wa ziada. Lakini wakati anafuta mikono akaongeza neno ambalo nimelisikia gereji nyingi: "Na hili ndilo lilikuwa linakumalizia mafuta." Dereva wa daladala aliyekuwa akisubiri zamu yake akaitikia palepale, kwamba tairi bila balansi linakula mafuta balaa.

Wiki hiyohiyo, kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo, mtu akaleta video ya gurudumu kubwa la mbao lenye vyuma vinavyoning'inia, likizunguka lenyewe na kuwasha taa. Maelezo yake yalisema kwamba upande mmoja ukiwa mzito kuliko mwingine gurudumu halisimami, na umeme unakuwa wa bure milele.

Yaweke madai hayo mawili pamoja uyatazame. Moja linasema gurudumu lenye uzito upande mmoja linapoteza nishati nyingi. Jingine linasema gurudumu la namna hiyohiyo linazalisha nishati. Hayawezi kuwa kweli yote mawili. Kwa kweli yote mawili yamekosea, tena yamekosea mahali pamoja.

Neno moja, mambo matatu

Kosa limejificha ndani ya neno letu la kila siku, nguvu. Tunasema nguzo hii ina nguvu, tunasema betri imeisha nguvu, tunasema injini ya Fuso ina nguvu kuliko ya Noah. Neno ni moja, mambo ni matatu. Shuleni huwa yanatenganishwa: kani ni kule kusukuma au kuvuta kwenyewe. Nishati ni akiba inayowezesha kazi kufanyika, iwe kwenye petroli, kwenye betri, au kwenye ugali uliokula mchana. Uwezo, unaopimwa kwa wati, ni jinsi nishati hiyo inavyotumika haraka au polepole.

Kinachounganisha kani na nishati ni mwendo. Kani inatumia nishati pale tu kitu kinaposogea kufuata upande ambao kani inavuta au inasukuma. Nguzo ya nyumba ya bibi yangu imebeba paa miaka mingi kuliko umri wangu. Kani inayobeba ni kubwa, usiku na mchana, lakini nguzo haili, haichajiwi, haitiwi mafuta, kwa sababu paa halishuki wala halipandi. Ukiuliza mbona mtu aliyesimama na gunia begani anachoka ilhali gunia halisogei, jibu ni kwamba misuli yetu haikai kama mbao. Inajikaza na kujilegeza mara nyingi kwa sekunde ndani kwa ndani, na kila mara inachoma chakula. Uchovu ni wa misuli, si wa gunia.

Sasa mfunge mbuzi kwenye kigingi, umwache azunguke kamba ikiwa imekaza. Kamba inamvuta kuelekea kigingini muda wote. Yeye anakwenda pembeni, kufuata duara. Hasogei kuelekea kigingini wala hasogei mbali nacho. Kwa hiyo kamba inavuta kwa kani halisi, ukiigusa utaona ilivyokaza, lakini haimpunguzii mbuzi mwendo wala haimwongezei. Inamgeuza njia tu. Mshike mbuzi huyu akilini mpaka mwisho wa makala, maana karibu kila kitu kinamhusu.

Kani inatoka wapi

Aliyewahi kulinda shamba la mpunga dhidi ya ndege analijua kombeo. Unaweka jiwe, unalizungusha juu ya kichwa, na mkono unahisi kuvutwa. Ukizidisha kasi, mkono unavutwa zaidi. Wengi tunasema jiwe "linataka kukimbilia nje." Liachie uone: haliruki moja kwa moja kutoka kichwani mwako kwenda nje, linashika njia iliyonyooka kufuata upande liliokuwa likielekea dakika ile. Jiwe linataka kwenda mbele moja kwa moja. Kamba ndiyo inayolilazimisha kukunja kona bila kupumzika, na kulazimisha huko ndiko mkono wako unakolipia.

Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyetangaza kanuni ya jambo hili mwaka 1673. Kasi ikiongezeka mara mbili, kani inaongezeka mara nne. Ikiongezeka mara tatu, kani inaongezeka mara tisa. Hapo ndipo siri ya usukani wangu ilipolala.

Kila kipande cha tairi na ringi ni jiwe dogo kwenye kombeo. Kila kimoja kinavuta ekseli kuelekea kwake. Lakini tairi zuri ni kama mchezo wa kuvuta kamba ambapo kila mchezaji ana mwenzake wa uzito uleule upande wa pili: wote wanavuta kwa bidii, kamba haiendi popote, na ekseli haihisi kitu. Ongeza kipande cha gramu 50 kwenye ukingo wa ringi, karibu uzito wa yai moja la kuku. Hapo umemwongeza mchezaji asiye na mpinzani, na tena mchezaji huyu anahama: sasa anavuta juu, mara mbele, mara chini, mara nyuma, halafu juu tena.

Nimepiga hesabu kwa tairi la kawaida la gari dogo, lile lililoandikwa 195/65 R15. Kipenyo chake ni sentimita 63 na kidogo, kwa hiyo huzunguka karibu mara 500 kila kilomita. Gari likiwa kwenye 50, yai letu linavuta ekseli kwa kani inayokaribia uzito wa kilo mbili za sukari. Kwenye 100 ni kilo saba na nusu hivi, na kuvuta huko kunafanya mzunguko mzima mara 14 kila sekunde. Kwenye 120 yai limekuwa ndoo ya maji ya lita 10. Yai ni lilelile, halijaongezeka hata gramu moja.

Dar mpaka Morogoro ni kilomita 190 hivi. Gurudumu hilo litapiga pigo lake mara 95,000 kabla hujafika Msamvu. Beringi, bushi, boljointi na nati zote zinapokea.

Mwenye mashine ya kusaga nafaka analijua hili kuliko dereva, ingawa huenda hajawahi kuliandika kwa hesabu. Mashine nyingi za kusaga zina rota yenye nyundo za chuma zinazozunguka ndani. Nyundo zikichakaa zinabadilishwa, na fundi mzuri hakubali kubadilisha moja peke yake. Anabadilisha na ile inayotazamana nayo, na kabla ya kufunga anazipima jozi kwenye mizani. Kwa nini ajisumbue? Chukua yai lilelile la gramu 50, tofauti kati ya nyundo mpya na iliyolika. Iweke sentimita 20 kutoka katikati, kisha zungusha rota mara 3,000 kwa dakika. Kani inayotokea ni sawa na uzito wa gunia la mahindi la kilo 100, linalotupwa huku na huku mara 50 kila sekunde. Ndiyo maana utaona mashine nyingine sakafu yake ya zege imepasuka kuzunguka bolti, na mwenyewe analaumu saruji.

Je, kuvuta huko kunakula mafuta?

Turudi kwa mbuzi. Kigingi kikiwa imara ardhini, mbuzi anaweza kukizunguka asubuhi mpaka jioni na kigingi hakitamla nishati hata kidogo. Tairi lenye yai, likiwa limefungwa kwenye ekseli isiyotikisika kabisa, ni vilevile. Kani ya kilo saba ipo, inahama pande zote, lakini ekseli haisogei, kwa hiyo hakuna kazi inayofanyika na hakuna nishati inayopotea kwa sababu ya yai. Linganisha na nguzo ya bibi.

Mtu anaweza kubisha: lakini ule upande mzito si unapanda kwa shida? Unapanda kwa shida, ndiyo, na ukifika juu unashuka kwa raha, ukirudisha kila ulichokopa. Geuza baiskeli kichwa chini, magurudumu yake juu, bandika bonge la udongo kwenye gurudumu la mbele, kisha lizungushe polepole. Utaona linaongeza kasi bonge linaposhuka na kupunguza linapopanda. Ni mkopo usio na riba, unaolipwa wote ndani ya mzunguko mmoja. Likimaliza kuzunguka, bonge linasimama chini kabisa. Hiyo, kwa njia, ndiyo njia ya zamani na nzuri ya kujua upande mzito wa gurudumu lolote.

Hapo hapo pia ndipo inapofia ile video ya umeme wa bure. Wazo lake ni la kale sana. Mwanahisabati wa Kihindi Bhaskara alilieleza karne ya 12, akiwa na gurudumu lenye mirija iliyojazwa zebaki nusu. Mjerumani Johann Bessler alizunguka na magurudumu yake mwanzoni mwa miaka ya 1700 akidai yanajiendesha. Mtego wake ni mzuri kwa jicho: upande unaoshuka vyuma vimenyooka vikawa mbali na katikati, upande unaopanda vimekunjwa karibu na katikati, kwa hiyo inaonekana upande mmoja unashinda daima. Ila hesabu vyuma. Upande unaoshuka vina umbali mkubwa lakini ni vichache. Upande unaopanda vina umbali mdogo lakini ni vingi. Zidisha uzito kwa umbali, jumlisha kila upande, na utapata sare. Kila chuma kinachoshuka mita moja lazima kipande mita moja kabla hakijashuka tena. Gurudumu hilo, likiwa na beringi nzuri na likisukumwa mara moja, linaweza kuzunguka kwa dakika kadhaa na kumdanganya mpiga picha mwenyewe. Likiwasha taa kwa saa nzima, tafuta mota na betri. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeona vijana wenye akili wakimalizia akiba yao kwenye vyuma na mbao za kitu hiki, ilhali akili hiyohiyo ingeweza kujenga mtambo mdogo wa maji kijitoni na ukawaka kweli.

Kigingi kikilegea

Lakini tairi la gari halikufungwa kwenye nguzo ya zege. Limefungwa kwenye springi, shokapu na bushi za mpira, vitu vilivyotengenezwa makusudi ili visogee. Ni kama kigingi kilicholegea: kila mbuzi akizunguka, kigingi kinayumba kidogo, kinasuguana na udongo, na tundu linapanuka. Sasa kani ina mwendo wa kufuata, na nishati inaanza kuvuja. Inavuja kama joto ndani ya mafuta ya shokapu, ndani ya mpira wa tairi unaokunjwa na kukunjuliwa, ndani ya bushi, na kiasi kidogo kama ule mvumo unaousikia sakafuni.

Ni kiasi gani? Hapa ndipo mafundi wengi watashangaa. Nilichukua hali mbaya kweli: yai kwenye ringi, mwendo wa 100, na mtetemo umeangukia palepale ambapo gari linapenda kutetemeka. Nishati inayogeuka joto kwenye shokapu haifiki wati 10. Hiyo ni taa moja ya LED ya sebuleni. Kulisukuma gari dogo kwa mwendo huo barabara tambarare, dhidi ya upepo na ukinzani wa matairi yanayobingirika, kunahitaji zaidi ya wati 10,000. Tukiwa wakarimu tukasema 10 kati ya 10,000, ni moja katika elfu. Kwenye tangi la lita 40 ni kikombe kidogo kimoja cha kahawa ya kijiweni. Hutaiona kwenye risiti ya mafuta maisha yako yote.

Linganisha na upepo wa tairi. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila PSI moja (kipimo cha upepo wa tairi) inayopungua kwenye matairi yote inakupotezea asilimia 0.2 ya mafuta. Tembea na matairi yaliyopungua PSI 10, jambo ambalo kwa macho hata hulitambui vizuri, na umepoteza asilimia 2. Hiyo ni mara 20 ya hasara ya yai. Mwenye kutaka kuokoa mafuta ajaze upepo kwanza.

Basi mbona madereva wazoefu wanaapa kwamba baada ya kubalansi gari lilianza kunywa kidogo? Siwaiti waongo. Shimo lilelile lililokunja ringi na kuharibu balansi, ndilo lililovuruga alaimenti, yaani mwelekeo wa matairi, na kufanya ukingo wa ringi uvujishe upepo. Gari linaingia gereji na magonjwa matatu, linatoka limetibiwa yote matatu, na sifa anapewa yule aliyekuwa akipiga kelele. Balansi mbaya inapiga kelele. Upepo mdogo unaiba kimya.

Ninachoogopa ni kwamba mtu akisikia "balansi mbaya haili mafuta" ataona hakuna haja ya kubalansi. Kani ile ya kilo saba, mara 95,000 kwa safari moja, inatafuta kitu kilicholegea. Beringi zinachoka mapema. Boljointi zinapanuka. Kashata za tairi zinalika kwa mabaka, sehemu imeliwa na sehemu bado, na tairi likishalika hivyo hakuna balansi itakayolirudisha. Mikono ya dereva inakufa ganzi. Gharama yake inalipwa dukani kwa muuza spea, si kwenye kituo cha mafuta.

Kwa nini 85, na kwa nini lilitulia 110

Swali hili ndilo lililonisumbua zaidi siku ile. Kama kani inaongezeka na kasi, mbona mtetemo ulipungua nilipokimbia zaidi?

Msukume mtoto kwenye bembea. Bembea ina mwendo wake wa asili. Ukisukuma kwa kufuata mwendo huo, hata kwa kidole, inapanda juu mpaka mama yake anaanza kukugombeza. Ukisukuma haraka zaidi ya inavyotaka yenyewe, mikono yako inaigonga ikiwa inarudi, na unachoka bure huku bembea ikitikisika tu hapo hapo. Gurudumu la gari pamoja na springi yake na mpira wake nalo ni bembea. Kwa magari madogo mengi mwendo wake wa asili ni kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Tairi langu likiwa kwenye 85 lilikuwa likizunguka karibu mara 12 kwa sekunde. Lilikuwa linasukuma bembea kwa wakati wake.

Nilipofika 110 kani ilikuwa kubwa kuliko ya 85, kubwa kwa zaidi ya nusu. Gari tu ndilo liliacha kuiitikia. Kwa hiyo rafiki anayekwambia "ukikimbia zaidi linapona" anakupa ushauri mbaya sana. Mtetemo mkononi umepungua, lakini beringi inavutwa zaidi, na wewe uko kwenye mwendo ambao tairi likipasuka huna nafasi ya kujitetea. Shokapu zikiwa zimekufa ndipo hali inakuwa mbaya kabisa, maana kazi ya shokapu ni kuizuia bembea isipande.

Msweden Gustaf de Laval, huyuhuyu ambaye mashine zake za kutenganisha krimu na maziwa zinajulikana kwa wafugaji, alikutana na tatizo hili miaka ya 1880 alipotengeneza tabo ya mvuke, yaani gurudumu linalosukumwa na mvuke, inayozunguka mara 30,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo hata ukucha wa uzito wa ziada unavunja chuma. Wenzake walidhani dawa ni mhimili mnene zaidi. Yeye akaweka mwembamba unaopinda. Tabo ilipopita ule mwendo wa hatari, ikatulia: badala ya kulazimishwa kuzunguka katikati ya mhimili, ikajitafutia katikati ya uzito wake yenyewe na kuzunguka hapo, mhimili ukipinda kuifuata. Ni suluhisho zuri kwa tabo. Gari lako halikujengwa hivyo.

Na kama ungependa kuona balansi kwa macho, bila mashine wala kompyuta, nenda Makumbusho ya Reli Nairobi ukasimame kando ya injini ya mvuke namba 5918, Mount Gelai. Ni moja kati ya 34 za aina yake zilizoundwa katikati ya miaka ya 1950 na kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Angalia magurudumu makubwa yanayounganishwa na vyuma virefu. Mkabala na mahali chuma kinaposhika, ndani ya gurudumu, kuna kipande kinene chenye umbo la mwezi mchanga. Ule ndio uzito wa kusawazisha, umeyeyushwa pamoja na gurudumu tangu kiwandani. Wahandisi wa treni walikuwa na mtihani mgumu kuliko wetu, kwa sababu pistoni inakwenda mbele na nyuma huku gurudumu likizunguka. Ukiongeza uzito ili kutuliza pistoni, uzito huohuo unaligonga reli kwa chini kila mzunguko. Wakalazimika kuchagua nusu ya kila balaa.

Kwenye mashine ya fundi

Balansi ya tairi ina sura mbili. Ya kwanza ni ile ya bonge la udongo kwenye baiskeli: upande mmoja mzito, na ukiliacha gurudumu huru upande huo unashuka chini. Ya pili haijionyeshi gurudumu likiwa limesimama. Fikiria mayai mawili, moja ukingo wa ndani wa ringi kwa juu, jingine ukingo wa nje kwa chini. Yanalingana, kwa hiyo likining'inizwa halielekei popote. Likizunguka, moja linavuta juu kwa ndani na jingine linavuta chini kwa nje, kama watu wawili, mmoja akikusukuma bega la kulia mbele na mwingine akikuvuta la kushoto nyuma. Huendi popote, lakini unazungushwa. Tairi la namna hii linatikisa usukani kushoto na kulia. Ndiyo maana mashine inaonyesha namba mbili, ya ndani na ya nje, na fundi anayepigilia vyuma upande wa nje peke yake kwa haraka amefanya nusu ya kazi. Vyuma hivyo zamani vilikuwa vya risasi. Ulaya ilishaiondoa kwenye magari kwa sababu ya sumu yake, na vingi vya siku hizi ni vya zinki au chuma cha kawaida.

Usichanganye balansi na alaimenti. Alaimenti ni namna matairi yanavyotazama, na ikiharibika gari linavuta upande mmoja na tairi linalika ukingo. Gari likitikisika pale tu unapokanyaga breki, kagua diski za breki kabla ya kulipia chochote kingine. Likitikisika kwa mwendo fulani na kutulia kwa mwingine, hata kama hujagusa breki, hiyo ni dalili ya balansi, na usukani ukiwa ndio unaocheza anza na matairi ya mbele.

Fundi yule wa pili aling'oa vyuma vyote vya mwenzake kwanza, vikajaa kiganja. Akaosha ringi kwa brashi na maji ya sabuni, ndani hasa, kona ambako macho hayafiki. Akalipandisha tairi. Mashine ilisoma gramu 15 ndani, 10 nje. Alipolipima kabla ya kulisafisha ilikuwa imesoma 80. Akapigilia vyuma viwili vidogo, akazungusha tena, sifuri na sifuri. Sasa kila nikitoka kijijini kipindi cha masika nasimama kwenye daraja la kwanza lenye maji karibu, nachukua ndoo na kijiti, napitisha mkono nyuma ya ringi moja moja. Tope likiwa bichi linatoka lenyewe.